Kadi Kubwa, Prosesa Dhaifu na Mikono ya Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, nisitiri, maana hili hata mke wangu sijamwambia, mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na tunaishi na baba mkwe, dereva wa malori mstaafu, ambaye tangu afiwe na mkewe alikuwa hasemi ila ndiyo na hapana, mpaka nilipomwonyesha gemu ya mbio za magari kwenye kompyuta ya sebuleni, basi akafufuka, kila jioni ananishinda na kunicheka, nikaona niiboreshe kompyuta, fundi wa dukani akaniambia prosesa na kadi ya picha lazima zilingane nguvu, nikamwambia mimi na vyuma tunajuana, nikabeba kadi kubwa kuliko zote na kubakiza prosesa ya zamani, kufika nyumbani kadi haiingii kwenye kasha, nikawasha grenda nikalikata, ikaingia, picha zikawa nzuri ajabu, lakini penye magari mengi gemu inakwama na gari la mzee linagonga ukuta, akaniuliza, "Mwanangu, tatizo nini?" nami kwa aibu nikajibu, "Baba, labda mikono imeanza kuzeeka." Hajacheza tena. Wiki ya pili hii anajifungia chumbani, na jana nilimkuta anaitazama mikono yake. Niseme, au ninyamaze?

Fundi Grenda

Wewe Fundi Grenda, kasha la kompyuta umeligeuza geti! Nilicheka mpaka nikamwaga chai, kisha nikafika kwenye hilo neno lako, nikanuna. Mtu kaendesha malori maisha yake yote, unamzeesha mikono kwa sababu ya prosesa?

Najua, kukiri ujinga mbele ya mkwe si mchezo. Lakini mficha uchi hazai, bwana.

Sikiliza. Kadi huchora, ila prosesa ndiyo huiambia kila gari liko wapi. Ikichelewa, kadi inakaa bure. Kwa sasa punguza idadi ya magari kwenye gemu. Kisha rudi kwa yuleyule fundi wa dukani, akuchagulie prosesa inayokubaliana na kompyuta yako, na safari hii ufunge mdomo. Grenda iache karakana.

Hayo yote yatangoja. Sasa hivi weka gazeti chini, kagonge mlango wa mzee, useme: "Baba, mikono yako mizima, mimi ndiye niliyenunua vibaya." Atakucheka. Mwache akucheke, kicheko hicho ndicho ulichokwenda kununua dukani.