Nyuzi Tisa za Chifu

Chumba cha mbele,
Nyumbani.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na yule mwanenu Chiriku asiyenyamaza, na kwamba mgongo wako umetulia. Kama bado unauma, acha ubishi uende hospitali. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri na analala vizuri. Macho yake ndiyo hayo unayoyajua, ukungu umezidi kidogo jicho la kushoto. Mimi magoti yananisumbua nikikaa sana kwenye cherehani, lakini kazi zipo, namshukuru Mungu.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu zipo. Nina sababu mbili. Kwanza, kuna kitu nataka ukishike kwa mkono wako, nacho kimo humu ndani ya bahasha. Pili, kuna neno limenishinda kulisema kwenye simu. Kila nikitaka kulianza, najikuta nakuuliza kama mvua imenyesha huko. Basi kaa chini usome.

Ni habari za tangi lako la matumbawe. Siku unaondoka ulisimama hapa hapa na begi begani ukaniambia, "Dada, samaki wakifa tutanunua wengine. Chifu hanunuliki." Nami nikakupokea kwa mikono miwili, nikala na kiapo juu yake. Miaka kumi na moja umemlea Chifu, tangu alipokuwa kipande cha tumbawe kinachotosha kuwa kifungo cha koti, mpaka amekuwa mpana kama sahani, kahawia katikati na kijani pembeni. Sasa sikia nilivyomfanya.

Mwishoni mwa mwezi wa sita ile taa yako ya tyubu ilianza kupepesa, kisha ikafa. Nikaenda kwa muuza samaki wako, yule unayemwita Profesa. Akanipa taa ya kisasa, nyembamba kama rula, yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha mwanga wa buluu na kingine cha mwanga mweupe. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba ile ya zamani ilikuwa imechoka na matumbawe wameshazoea uchovu wake, kwa hiyo hii niianze chini, ishirini kwa mia, halafu niongeze kidogo kidogo kila wiki.

Niliitikia ndiyo, ndiyo, huku akili imeshatangulia nyumbani. Wewe unanijua kwenye mambo ya mwanga. Miaka thelathini natunga uzi mweusi kwenye sindano, nashona suti nyeusi siku za mawingu, sijawahi kusema taa hii imezidi. Kumpunjia mtu mwanga nilikuwa naona ni ubahili tu. Nikaitundika shubiri moja juu ya maji, nikazungusha vitufe vyote viwili mpaka vikagoma. Nilijiona nimewafanyia hisani kubwa.

Siku ya kwanza tangi lilipendeza mno, hata nikamwita jirani aje aone. Siku ya pili samaki wako wote wawili walijificha nyuma ya jiwe, nikasema wana aibu. Siku ya tatu Chifu akanywea, nikasema amelala. Siku ya sita nilienda na kikombe changu cha chai kuwaamkia, nikamkuta mweupe. Si kijivu, mweupe wa chaki. Nilikaa pale pale sakafuni.

Profesa alinieleza kwamba ndani ya Chifu wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyompikia chakula kwa kutumia mwanga, na rangi yake ni rangi yao. Mwanga ukizidi ghafla anavitimua, anabaki mweupe na njaa yake. Hajafa, akasema, lakini akikaa hivyo muda mrefu atakufa. Kisha akaniuliza nilianza na ngapi kwa mia. Nilipomtajia alinitazama kama ninavyomtazama mteja aliyefua suti ya sufu kwa maji ya moto.

Wiki hiyo hiyo ukapiga simu ukaomba picha. Mdogo wangu, picha niliyokutumia ilikuwa ya mwaka jana. Ukanisifu kwamba nina mkono wa baraka, na sifa hiyo ilinibana kama kiatu cha kuazima. Nisamehe. Sikuogopa hasira zako maana huna hasira. Niliogopa kukusikia ukinyamaza.

Hata Baba nilimficha. Kila jioni anavuta kiti chake mbele ya tangi. Haoni matumbawe, ila anasema anaona rangi zikicheza, na zinamtosha. Na kila jioni aliniuliza, Chifu hajambo? Nami nikajibu hajambo, macho makavu.

Tiba yenyewe haikuwa nyepesi. Nilipandisha taa mpaka shubiri tatu, nikashusha vitufe mpaka arobaini. Lakini Chifu yuko juu kabisa, pembe ya kulia, karibu na taa, na wale matumbawe wengine, wale laini, wapo chini mchangani. Mwanga wa kumfaa yeye ungewaacha wale gizani, na wa kuwafaa wale ungemmaliza yeye. Kumng'oa kwenye jiwe alilolishika miaka yote hiyo sikuthubutu.

Hapo ufundi wangu ukanifaa, walau mara moja. Nilikuwa na mabaki ya neti niliyoshonea shela. Nikayakunja tabaka nane, nikayatandika juu ya kioo upande wa Chifu tu, akapata kivuli chake peke yake. Kila Jumapili naondoa tabaka moja. Bibi harusi mwenye shela alipokuja kujaribu gauni aliikuta neti yake pale juu, akaniuliza kama siku hizi samaki nao wanaolewa. Nikamwambia bado tunatafuta bwana.

Baba naye, bila kuulizwa, alitoa lake. Asubuhi moja alisema taa yangu inawaka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na kwamba jua haliamki hivyo. Akataka nimletee vile vidude viwili vya saa vinavyowasha na kuzima taa. Mdogo wangu, ungemwona. Macho hayamo, lakini vidole ni vile vile vya fundi saa. Alivipapasa, akanihesabia, nami nikaweka alama. Sasa buluu inaanza peke yake saa mbili asubuhi, nyeupe inaifuata saa nne, inaondoka saa kumi, na buluu inabaki mpaka saa moja jioni ili mwenye kiti aburudike.

Hiyo buluu lakini ni tapeli. Chini yake hata mgonjwa anang'aa. Mimi nazijua taa za namna hiyo, ziko kwenye maduka ya vitambaa, ndiyo maana mteja mjanja hubeba kitambaa mpaka mlangoni kabla hajakikata. Kwa hiyo sikuamini macho yangu. Nilichofanya ni hiki: kila Jumapili saa sita mchana, nyeupe ikiwa imewaka, nilichukua kopo langu la nyuzi, nikasogeza uzi mmoja mmoja kwenye kioo mpaka nikapata unaofanana na Chifu. Nikakata kipande, nikakifunga kwenye kadi, nikaandika tarehe.

Kadi hiyo ndiyo iliyomo kwenye bahasha. Ipeleke dirishani, usiitazame chini ya taa. Nyuzi tatu za mwanzo ni nyeupe zote, na nakiri kwamba Jumapili ya tatu nililia. Ya nne utaona ina umanjano kidogo, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Nilidhani najidanganya, nikarudia kupima mara mbili. Ya tano na ya sita hazitofautiani. Ya saba ni ya kaki. Ya nane ni kahawia changa.

Leo nimeondoa tabaka la mwisho. Saa sita nimesogeza kopo langu, na pembeni mwake, kwenye ukingo wa kushoto, nimeona kijani. Kijani chenyewe ni chembamba kama pindo la leso, lakini ni kijani. Ndiyo maana uzi wa tisa nimeusokota wa rangi mbili.

Nilishindwa kujizuia. Nikaenda kwa Baba nikamshika mikono nikamweleza yote, taa, weupe, picha, jioni zote nilizomdanganya. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilijua tangu mwezi wa saba. Kila asubuhi ukipita pale unamwambia pole. Mzima anaambiwa pole ya nini?"

Nikamuuliza kwa nini basi kila jioni alikuwa ananiuliza kama hajambo.

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kusema."

Nimetoka pale nikaja moja kwa moja kukaa kwenye meza ya kukatia, nikakuandikia wewe. Wewe pia ulinipa nafasi nyingi, kila simu, kila ulipouliza Chifu anaendeleaje, nami nikazipitisha zote. Hii ndiyo nimeishika.

Chifu hajapona kabisa. Katikati bado amepauka, na Profesa amesema vitufe visiguswe mpaka mwisho wa mwaka. Sitavigusa. Nimevibandika utepe juu, kwa sababu najijua.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa chake nimeshakikata. Chiriku mwambie shangazi anamtaka aje na meno yote, yaliyong'oka yahesabiwe. Profesa anakusalimu. Jirani anakusalimu, na anauliza kama unarudi na mzigo. Baba anasema hana la kuandika, ila nikuambie kiti chako kipo karibu na chake. Mungu akutunze mikono na miguu, akurudishe kwetu kwa njia iliyonyooka.

Kwenye kadi utaona nimetoboa tundu la kumi nikaliacha wazi. Uzi wake sitauchagua mimi. Ukija Desemba, njoo saa sita mchana, kopo la nyuzi liko pale pale juu ya cherehani.

Wako akupendaye, na asiyekuficha tena,
Dada yako.