Kware Wamedumaa, Nami Nimemtupia Lawama Mama Mkwe

Mshauri wetu, nisaidie upesi, maana siku ya soko ikifika nitakosa machicha na mama mkwe kwa pamoja. Mimi ni Chundung wa Riyom, nafuga kware mia mbili na nimeapa siachi, chakula cha dukani kilipopanda bei nikaanza kuwapa vifaranga machicha ya burukutu, pombe ya mtama anayopika mama mkwe wangu, Ngo Kangyang, ambaye aliwanyima nguruwe wa dada yake ili anipe mimi, na muuza chakula cha kuku akaniambia nitie unga wa vimeng'enya, eti unawasaidia kware wadogo kumeng'enya maganda ya mtama, basi kila apikapo naenda na beseni, nayachukua yakifuka moshi kwa sababu kwake ukingoja yapoe umedharau mkono wake, natia unga palepale, nakoroga, yakipoa nawapa, lakini leo wana wiki nne na wanalingana na wa wiki mbili, kinyesi kimewaganda nyuma. Hasira zikanipanda, Jumapili baada ya ibada nikasema mbele ya wanawake wenzetu, "Mama, kimea chako kimeoza, kinaua ndege wangu!" Akajibu, "Miaka thelathini watu wanakunywa, hajafa hata mlevi mmoja, ndege wako ndio wateule?" Wote wakacheka, yeye hakucheka. Hasemi nami tena, na ameapa siku ya soko machicha yanarudi kwa nguruwe. Mume wangu Gyang anasema tuwachinje tule, yaishe. Sitaki. Nifanyeje?

Chundung, pole kwa ndege. Kwa ulimi wako sikupi pole.

Soma barua yako mwenyewe: "yakifuka moshi." Vimeng'enya havistahimili moto, mwanangu. Umeviua kwenye beseni, ukawalisha vifaranga maganda matupu, kisha ukamshtaki mpishi! Kuyachukua ya moto ni heshima, endelea. Ila yakamue, uyaanike siku hiyohiyo kwenye turubai, maana yakilala mabichi yanachacha. Yakikauka kabisa, saga. Unga wa vimeng'enya upime kama pakiti inavyosema, uchanganye kwanza na konzi chache za chakula, ndipo na chote. Wala usiwashindilie machicha: kware anayekua anataka protini, kwa hiyo anza na sehemu moja kati ya kumi, sehemu zilizobaki ziwe chakula chenye soya na mashudu ya karanga. Gyang aweke kisu chini. Hawa waliodumaa huenda wasiwafikie wenzao, lakini kundi lijalo litakua.

Sasa mama mkwe. Nakujua, utataka kujipenyeza jikoni kwake umwombe radhi kimyakimya. Usithubutu. Ulimwaibisha hadharani, basi Jumapili hii simama mbele ya wanawake walewale useme, "Mama, kosa lilikuwa langu." Wakikucheka, vumilia. Siku ya soko nenda na beseni lako. Akikunyima, kaa umsaidie kukoroga sufuria, na usiondoke mpaka akuite mwanangu.