Mtoto Asisikike

Baba Hamza,

Unisamehe kwa kukawia hivi. Tangu mfungo uishe nasema kesho nitaandika, na kesho ikifika nimechoka, au Hamza ameamka viungo vinamuuma, au Zaitun analilia ziwa. Kwenye simu siwezi kukueleza. Kila nikianza unasema, "Mama Hamza, netiweki iko mbaya," kisha simu inakatika. Karatasi haikatiki. Nimempa yule rafiki yako wa lori la vitunguu anayepita Koboko kwenda Juba, na ameapa kuitia mkononi mwako.

Unakumbuka ulivyoniletea simu hii? Ulitoka nayo soko la Ariwara, kule Kongo, umeificha ndani ya mfuko wa mchele ili watu wa ushuru pale mpakani Vurra wasiione. Vumbi la mchele lilijaa mpaka kwenye tundu la chaji. Nikaanza kuitikisa na kuipuliza, nawe ukacheka: "Huyu mutu anataka kuipepeta!" Nilikuwa na mimba ya Hamza. Ulilaza kichwa mapajani mwangu ukanifundisha kuandika ujumbe, na wa kwanza nikakutumia wewe, umelala hapo hapo: "Umekula?" Ukajibu, "Bado, mpishi anacheza na simu."

Ulipoondoka kwenda Juba nilikuwa bado naosha vyombo hotelini. Lakini sikoseli, ugonjwa huu wa damu wa Hamza, haina ratiba. Leo Hamza anacheza, kesho hawezi kukanyaga chini. Nikawa nakosa kazini, na mwenye hoteli akaniambia kwa upole, "Binti, mimi nataka mutu wa kila siku." Simlaumu. Nikabaki nyumbani na watoto na simu.

Nilijaribu mengi. Niliweka kwenye stetasi picha za vitenge vya binamu yangu anayevuka Kongo, watu wakasifu, "Mashallah, nzuri!" wakapita. Nikaingia kikundi cha kazi ya kutazama video, wakataka nitangulize kiingilio. Nikatoka. Kazi inayokula mfukoni mwako kabla hujaigusa si kazi, ni mgeni mwenye njaa.

Ndipo jirani yetu Mariamu akaniunganisha na watu wanaokusanya sauti. Wanakutumia sentensi, unazisoma kwa Kinubi, nao wanafundishia mashine kusikia lugha yetu. Nilicheka. Kinubi hiki cha kugombezea mbuzi, nacho kinatafutwa? Lakini ni kweli, na wanalipa. Wana sharti moja tu, kimya. Asisikike kuku, wala bodaboda, wala adhana, wala mvua juu ya mabati. Wala mtoto.

Basi Zaitun nampeleka kwa Mariamu, Hamza anakaa mkekani, mimi najifunika blanketi na simu yangu, joto kama ndani ya chungu. Mwanzoni sentensi zilirudishwa: kuna kilio cha mtoto. Narudia, zinarudi tena. Siku moja nikamwambia Hamza, "Baba, ukitaka kulia na mama yuko ndani ya blanketi, ngoja kidogo." Nilisema tu, kama mtu anavyosema.

Wiki iliyopita, mchana, nilisoma sana. Sentensi za harusi, za wageni, za chakula. Kimya kabisa. Nikajisemea, leo mtoto wangu yuko vizuri. Nilipofunua blanketi nikamkuta amekunja magoti, jasho linamtoka, ameuma ncha ya leso yangu, macho yananitazama. Akaitoa mdomoni. "Mama, umemaliza?"

Sentensi zile zilikubaliwa zote.

Nilimkanda kwa kitambaa cha maji moto, tukapanda boda mpaka hospitali, wakampokea vizuri, akapata nafuu. Tangu siku ile nimemwambia, "Ukiumwa, piga kelele mpaka Kongo wasikie." Akaniuliza, "Na kazi?" Nikamwambia kazi itarudiwa. Sasa nasoma akilala, naacha akiamka, na kazi ninayopewa imepungua. Lakini bado akiniona nashika simu anakaza midomo. Hata nikiishika kutazama saa. Sijui hilo nitamtoaje.

Halafu kaka yako Juma alikuja. Alisimama mlangoni, chai akaikataa. "Shemeji, mke gani anakaa mjini Arua anaongea na blanketi? Kijijini kwetu Abuku iko shamba, iko mama. Kusanya watoto." Anasema karanga zikishang'olewa atakuja na pikipiki kutuchukua. Nampenda mama yako, wewe unajua, na jembe halinishindi. Lakini kule nitatafuta netiweki juu ya kichuguu, na Hamza akizidiwa, nani atanivusha njia yote ile wakati wa mvua? Nilimwambia, "Shemeji, ukinipeleka huko utanichimbia kaburi la mtoto." Akatazama chini. Kisha akasema, "Neno la ndugu yangu nitalisikia. Lako, hapana."

Kwa hiyo unaona. Sikuandikii kukugombeza. Nakukosa, hata harufu yako ya dizeli iliyoganda kwenye mto nilikataa kuifua mpaka ikaondoka yenyewe. Jioni nikikaa barazani nikasikia lori linapunguza mwendo, nanyanyuka kuchungulia, kama mjinga. Ila nimechoka kuwa mke wa mtu ambaye netiweki yake iko mbaya.

Sisemi rudi kesho, najua kazi ilivyo huko. Nitumie haya, usipunguze. Blanketi zito la Hamza, usiangalie rangi, angalia joto. Vidonge vyake vya foliki, vile vya kuongeza damu. Hedifoni zenye maiki, zile za waya, kwa sababu hizi zangu sikio moja limekufa. Sponji ya godoro ya kuzibia dirisha, ili nisome bila kumnyamazisha mtu. Na ujumbe wa sauti kwa Juma, kabla karanga hazijatoka ardhini: sema kwa mdomo wako mwenyewe, nitaje jina, useme mke wangu na watoto wangu wanabaki Arua.

Mkeo,
Mama Hamza