Waya Uliohamishwa kwa Ajili Yangu

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu! Bado nalitamka neno hilo taratibu, kama peremende mdomoni. Leo karakana nyuma ya nyumba inanukia vanishi. Ndege anayoiunda imesimama na mabawa yake manne — mawili juu, mawili chini, yameshikwa kwa nguzo na nyaya zilizopishana. Kiti cha mbele ni changu. Ila waya mmoja unapita palepale pa kuingilia. Nilijaribu, gauni likanasa, nikacheka. Yeye hakucheka. Kasema atauhamisha, mkewe hawezi kuingia ndegeni kwa kutambaa. Nani mwingine anapendwa hivi?

Alhamisi, 6 Machi

Ameuhamisha. Amechomelea kibamba kipya cha chuma nyuma kidogo, waya ukafungwa hapo kwa bolti. Nimeingia kama malkia. Mdogo wake alikuja kuangalia, akanuna. Eti kaka ameoa, akili nayo imekwenda fungate. Eti waya ule ndio unaolizuia bawa la juu lisiyumbe. Mume wangu akamwambia aoe kwanza ndipo aongee. Wakacheka. Shemeji aliacha kucheka mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeipindua ndege na kupanga magunia ya mchanga kwenye mabawa, yabebe uzito kama yako hewani. Hayakuvunjika. Mume wangu alininyanyua juujuu mbele ya watu. Kesho tunaruka, mimi na yeye.

Baada ya kuigeuza tena nilibaki nikifuta vumbi. Rangi ya kibamba imepasuka. Nikachukua spana, nikaichomoa bolti. Tundu si duara tena, limevutika kama yai; chuma kimeanza kuachia. Nikairudisha. Sikusema. Angekuwa amekosea kwa uzembe ningesema. Amekosea kwa kunipenda.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi tulivu. Nilimwomba aurudishe waya pale pa zamani, nitatambaa. Akauliza, kwani zawadi yake sikuipenda? Uso wake — siwezi kuuandika. Nikasema naogopa tu. Akanibusu kwenye paji la uso. Basi ataruka peke yake kwanza, nione kwamba ni salama.

Alipokwenda kunawa nikaichomoa bolti. Niko nayo hapa chumbani, imeacha grisi kwenye shuka. Anaitafuta. Namsikia akimuuliza mdogo wake. Shemeji anajibu yeye hajagusa kitu, akamuulize mwenye kiti cha mbele.

Sasa nyayo zinakuja huku. Nitamwonyesha tundu. Ataniuliza najua tangu lini —