Mto wa Kochi Kwenye Benchi la Cucu

Jumanne, Manyatta. Baridi ya Agosti, na yale manyunyu membamba ambayo huyasikii yakianguka.

Nimeandika na kufuta mara tatu. Wacha niseme tu: jana nilimwacha nyanya yangu, Cucu, aaibike kwa kosa langu.

Tangu tufunge shule, mimi ndiye hushinda na Cucu. Ndani hapendi. Anataka benchi la nje karibu na geti, aone wanaopita na wao wamsalimie. Lakini benchi ni mbao tupu na nyonga yake inauma. Kwa hivyo Mama akishaenda kazini, mimi hutoa mto wa kochi nikamwekea, ingawa Mama alishakataza mito yake kutoka nje. Saa kumi naurudisha, nafunika na kitambaa. Hakuna anayejua.

Jana benchi lilikuwa limelowa na sikulipangusa. Nilipourudisha mto niliupapasa juu, nikaukuta mkavu. Sikujua sponji huficha maji chini.

Jioni akaja Mama Njoki wa kanisani, na Cucu akampisha mahali pake pa kawaida kwenye kochi. Mgeni akanywa chai, akainuka, rinda limelowa nyuma. Akaangalia mto. Akamwangalia Cucu.

"Si neno. Mtu akizeeka hurudi utoto," akamwambia Mama polepole, kama vile Cucu hasikii.

Mama akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na thamosi, maneno yote yako mdomoni.

Nikakaza kifuniko cha thamosi.

Cucu aliniangalia mara moja tu, akaendelea na chai yake.

Leo asubuhi nikitandika kitanda chake nimesikia kitu kikilia chakacha chini ya shuka. Nikainua. Mama ameweka nailoni, kama ya mtoto mchanga.

Hapo ndipo nilipolia.

Mama alikuwa anavaa viatu aende kazini. Nilimpelekea ile nailoni nikasema yote, macho yangu yakiwa kwenye viatu hivyo. Hakunigombeza. Alimgeukia Cucu.

"Na wewe Mama, si ungesema ni maji ya nje?"

"Ningesema, mngenifungia ndani," Cucu akajibu. Halafu akanitazama. "Kumbe huyu ana mdomo."

Mama alicheka, kisha akajipangusa macho.

Jioni hii ameishonea ile nailoni kwenye mto, upande wa chini, na mto umekuwa wa benchi rasmi. Sasa nailoni iko chini ya mto, si chini ya Cucu.

Amebaki Mama Njoki. Mama anasema atampigia simu. Nimemwomba asipige. Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia mwenyewe, hata kama sauti itatoka ndogo, hata kama nitaangalia viatu tena.

Na nitamwambia huku Cucu akiwa hapo, asikie.