Betri Zilizofungiwa Stoo ya Pumba

Gehandu, Hanang

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba sasa unafika shambani bila fimbo, lakini kaka huwa anasema ya kunifurahisha, kwa hiyo niambie wewe mwenyewe. Mimi mwili mzima. Moyo ndio una nyongo, na nyongo hii siwezi kuimwaga kwenye simu nikiwa katika nyumba ya watu. Ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Unakumbuka nilikwambia tajiri wangu anataka kuweka sola hapa shambani, ili pampu ya kisima iachane na dizeli na ng'ombe wa maziwa wapate maji muda wote. Nilidhani kazi hiyo nitapewa mimi. Cheti cha umeme ninacho, na ndicho kilichonitoa Njombe kikanileta huku. Badala yake akamwita mpwa wake kutoka Arusha. Anaitwa Injinia. Jina lingine hajitaji.

Sijawahi kuona ujinga unaojiamini kiasi kile. Alishuka kwenye gari na viatu vyake vyeupe, akaniuliza, "Dada, fundi wenu yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akaniagiza maji ya kunywa.

Alileta betri nane. Nne mpya. Nne kuukuu, zimepakwa rangi zifanane na nyingine, lakini vichwani zilikuwa na ule ukoko wa kijani ambao rangi haiufichi. Akaziunga zote pamoja, kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetolewa darasani kwa kulifanya. Kisha akazifungia kwenye stoo ya pumba na kupigilia mbao madirishani. Nikamwambia betri za maji hutoa gesi inayolipuka, zinahitaji hewa.

"Wafugaji wa huku ni wezi," akasema. "Hewa utavuta wewe."

Nikanyamaza. Akaondoka na ufunguo.

Mwezi haukuisha. Mawingu ya baridi yakatanda, pampu ikawa inavuta kidogo asubuhi, halafu kimya. Tulishinda tukibeba ndoo. Ndama wawili wakadhoofika, mmoja akafa. Nilipompigia Injinia akasema wanawake tunamaliza umeme kwa kuchaji simu. Simu, Mama. Eti simu tatu zimeishinda pampu ya kisima. Na tajiri akamwamini.

Jumatano akaja mzee Gidamis, jirani yetu mfugaji ambaye ng'ombe wake hunywa kwenye hodhi letu. Alisimama karibu na stoo, akakunja uso.

"Binti, humo ndani kuna mayai yaliyooza?"

"Hatuweki mayai humo, mzee."

Akatoa sigara, akapapasa kiberiti. Nilimshika mkono, Mama, mkono wa mzee wa watu, nikamnyang'anya kiberiti. Hakukasirika. Aliniangalia usoni, akarudi nyuma bila kuuliza.

Nilizima kwanza swichi ya paneli kule nje. Tukang'oa mbao za madirisha, tukasubiri mpaka harufu ikaisha, ndipo nikavunja kufuli. Zile betri kuukuu zilikuwa zimevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, bado za moto, na magunia ya pumba yamezilalia. Cheche moja ingetosha kuondoka na stoo, zizi, na sisi wawili. Nikazitoa, nikabakiza nne nzima, nikaiunga pampu ivute wakati wa jua na kujaza tanki la juu. Jua likizama maji yanateremka yenyewe, hayaombi betri. Mpaka leo hodhi halijakauka.

Jumamosi tajiri akafika na mpwa wake. Injinia alichofanya cha kwanza ni kupigwa picha ameegemea hodhi lililojaa. Nikaeleza yote, betri zilizovimba zikiwa chini mbele yao.

Tajiri akasema, "Melania, umevuruga kazi ya mtaalamu. Mwombe msamaha."

Mzee Gidamis alikuwa pale akinywesha. Akasema taratibu, "Mimi sijasoma. Lakini huyu binti alininyang'anya kiberiti. Huyo kijana ndiye aliyeniandalia moto."

Tajiri akampa mgongo. Kwao mfugaji aliyejifunga shuka ni sawa na mti. Nami sikuomba msamaha.

Sasa nisikilize. Injinia amepata kazi nyingine, kuweka betri kwenye zahanati ya kijiji cha pili, katika chumba kinachopakana na wodi ya wazazi. Tajiri amenionya kwamba nikifungua mdomo huko, nisirudi kwake. Kurasa zote hizi nimemdharau yule kijana, lakini yeye hakujua alichokuwa akikifanya. Mimi nilijua, na nilinyamaza kwa sababu nilichoka kuchekwa. Dharau ninayostahili mimi ndiyo nzito zaidi, na sitaki kuibeba mara mbili. Kesho asubuhi nachukua baiskeli naenda kwa mganga wa zahanati. Mkisikia nimefukuzwa, msitafute kosa jingine.

Nisalimie kaka na wifi yangu, shangazi anayekuletea kuni, na binti yangu Neema. Mwambie akusomee barua hii yote, asiruke palipo na matusi ya mama yake.

Mwanao aliye mbali nawe,
Melania