Mawe ya Redio Yamesafiri

Mama,

Huku Kawangware ni matope hadi mlangoni, natamani moto wa jikoni kwako. Yale mawe ya redio, betri za kuchaji alizotutumia Wafula kutoka Ujerumani, nimempa jirani yake wa huko, anarudi huko leo. Jamaa akanicheka: "Wengine wanawatumia mabwana wao samaki wa omena, wewe unatuma mawe yamekufa?"

Nikamwambia, "Wafula alisema tusiyatupe shambani. Yana sumu, na huko Ujerumani kuna kiwanda kinayatengeneza upya."

Akayafunga vizuri kwa gazeti.

Chunga ile kaseti ya sauti ya Wafula, Mama. Nakuja na mawe mapya tumsikie. Yale yaliyokufa yatamwona kabla yetu.

Bibi ya mwanao,
Nekesa